Lubarika imeandikwa katika Ripoti Mapping, lakini nani anaisoma?



Siku hizi kwetu Uvira, vijana wengi wakimaliza lisansi wanatafuta masta ya sheria ya kimataifa na haki za binadamu. Mmoja anaangalia Bukavu, mwingine Bujumbura, mwingine Kampala. Si jambo baya. Mimi ni mtu wa agronomia, sikusoma sheria. Lakini nimesoma kitabu kimoja ambacho hao wote wanakitaja, yaani Ripoti Mapping ya ONU, na nataka kusema kile ninachoona ni kizuri ndani yake, kile ambacho ni pungufu, na kile tunachopaswa kumuomba mtu anayeenda kusomea mambo haya.

Ripoti ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010. Inahusu kipindi cha kuanzia Machi 1993 mpaka Juni 2003, na ndani yake kuna matukio 617 ya mauaji, ubakaji na uporaji. Waliofanya kazi hiyo walisikiliza mashahidi zaidi ya 1,280, na kila tukio lilihitaji angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Nguvu yake kubwa njo hii: haikudharau vijiji. Imeandika Kasika, imeandika Makobola, na imeandika Lubarika.

Ndiyo, Lubarika yetu. Wengi wanaoitaja ripoti hii katika mikutano hawajafika kwenye fasi hiyo. Inaeleza kwamba Oktoba 1996, wakati kambi za wakimbizi za bonde la Ruzizi ziliposhambuliwa, wanajeshi wa AFDL pamoja na wa Rwanda na wa Burundi waliua wakimbizi Wanyarwanda na Warundi, na pia wanakijiji Wazaire, waliokuwa wanajaribu kukimbia. Wenyeji walizika maiti katika makaburi makubwa manne. Kule Kakumbukumbu, kilometa tano kutoka kambi ya Lubarika, wakimbizi 30 walichomwa ndani ya nyumba wakiwa hai. Na waliouawa Lubarika walikuwa wangapi? Ripoti inasema idadi yao haijulikani.

Hapo njo ninapotaka tusimame kidogo. Tukio zima limepewa mistari michache tu. Katika mistari hiyo huoni makaburi manne yako upande gani wa kijiji, kila moja lina ukubwa gani, nani alichimba, ilichukua siku ngapi. Lakini waandishi hawakudanganya mtu. Walisema wazi kwamba kazi yao ni kuorodhesha, si kuhukumu. Kipimo chao kilikuwa shaka yenye msingi, si uhakika unaotosha kumfunga mtu gerezani. Neno lenyewe la Mapping ni kuchora ramani. Ramani inakuonyesha shamba liko wapi, lakini haikulimii.

Shida iko kwa namna inavyosomwa. Mtu wa masta anaichukua kama mwisho wa utafiti: anaandika kurasa 100 juu ya mikataba ya kimataifa, halafu katikati anaweka aya moja kutoka kwenye ripoti, na kazi imekwisha. Kisha hapo tunasikia kelele moja tu: "Bapelekwe La Haye!"

La Haye ipi? Kule kuna korti mbili ambazo watu wanazichanganya. Ile inayohukumu watu binafsi, CPI, haiwezi kugusa jambo lililotendeka kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Kwa hiyo Lubarika ya 1996 iko nje. Ile inayohukumu mataifa, CIJ, ilisema tarehe 3 Februari 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza mashtaka ya Kongo dhidi ya Rwanda. Haikusema Rwanda haina kosa, ilisema tu kwamba mlango huo haukuwa wazi. Kwa mauaji ya aina hii, mlango ulio karibu zaidi ni korti za Kongo yenyewe, na tangu sheria ya Aprili 2013 korti za rufaa za kiraia nazo zina uwezo juu ya uhalifu dhidi ya binadamu. Mwanafunzi wa masta anayetoka kwetu angepaswa kutueleza hayo kabla ya mambo mengine yote.

Na hata pale mlango ulipofunguka, tazameni kilichotokea. Katika kesi dhidi ya Uganda, Kongo ilishinda tarehe 19 Desemba 2005. Korti ikasema wakati ule ule kwamba ikija saa ya kulipwa, Kongo itabidi ithibitishe hasara yake. Hukumu ya malipo ikatoka tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilidai zaidi ya dola miliari 11. Ikapewa milioni 325: 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Kongo ilitaja raia 180,000 waliokufa, korti ikaona ushahidi unaelekeza kati ya 10,000 na 15,000. Kwa misitu iliyokatwa haikutoa kitu, juu ushahidi haukutosha.

Hesabu hizo zinahusu Ituri, Kisangani na fasi zingine ambako jeshi la Uganda lilifika, si Ruzizi. Lakini somo ni letu pia. Kati ya 2005 na 2022 kuna miaka 16 na zaidi. Kwa muda huo wote kuna vijiji ambako hakuna aliyepita na daftari kuuliza: nyumba ngapi, ng'ombe wangapi, hekta ngapi za mihogo, watu gani, majina gani. Wakili hodari hawezi kutetea hesabu ambayo haikufanywa.

Njo maana naona masta ya haki za binadamu inayofaa huku kwetu ingekuwa ya kijiji kimoja na tukio moja, kwa subira. Hata sisi wa agronomia tuna kazi ndani yake. Tunajua kupima shamba, kukadiria mavuno yaliyopotea, kukaa na wanakijiji na kuchora nao ramani ya ardhi yao. Udongo uliochimbwa kwa kina hausahau haraka: ule mweusi wa juu unachanganyika na ule wa chini, na tabaka zilizovunjika zinaonekana hata kisha miaka mingi. Sisemi tuchukue majembe. Kufukua kaburi ni kazi ya wataalamu kwa amri ya sheria, na anayechimba ovyo anaharibu ushahidi. Lakini kujua fasi na kuilinda isijengwe wala kulimwa, hiyo inawezekana.

Kuna atakayesema ni hatari, na usalama wa bonde letu sisi wote tunaujua. Ni kweli. Kwa hiyo masomo hayo yafundishe kwanza namna ya kumsikiliza shahidi bila kumuweka hatarini: jina lake lifichwe, maneno yake yahifadhiwe mbali, asilazimishwe. Hiyo nayo ni sheria ya haki za binadamu, na ina faida kuliko kukariri namba za vifungu.

Tena tusisahau kwamba wengi wa wale waliozikwa walikuwa wakimbizi. Jamaa zao wako mbali, wengine hawajui hata kama ndugu yao alifika Lubarika. Hakuna familia inayokuja kuuliza kila mwaka. Walio karibu nao zaidi ni wale wenyeji waliowazika. Mimi nilizaliwa kisha mambo hayo. Lakini aliyekuwa na miaka 25 wakati ule leo amepita 50, na wale waliokuwa wazee wakati ule wengi wametuacha. Kila msiba wa mzee mmoja unapunguza nafasi ya kujua.

Kwa hiyo, ndugu unayejaza fomu ya masta mwaka huu, nakuombea mafanikio. Kenda, soma, rudi na diploma yako. Lakini chagua tukio moja kati ya yale 617 ambalo idadi yake haijulikani, na ujaribu kuitafuta.