Tembo, Chura na Maji ya Kihansi

Methali niitiliayo shaka kuliko zote ni ile isemayo makelele ya chura hayamzuii tembo kunywa maji. Kila niisikiapo mkutanoni, kazi yake ni moja: kufunga mjadala. Watu hucheka, hupiga makofi, na aliyeuliza swali huketi, maana nani atabishana na wahenga? Tazama lakini inavyoshawishi. Haidai kwamba chura amekosea. Yasema tu kuwa ni mdogo.

Niliisikia pia katika mazungumzo juu ya maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa. Pale chura hakuwa wa mfano. Ni kiumbe wa manjano asiyetimia sentimita tatu, azaaye badala ya kutaga mayai, na makao yake duniani yalikuwa bonde lile tu, penye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa ukiwa umekwisha kuanza. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilikuwa imeelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180. Umeme huo siubezi; nami husoma kwa taa.

Ubovu uko katika mfano wenyewe. Tembo wa methali huinama, akanywa, akaenda zake; maji hubaki, na chura hubaki nayo. Tembo wa Kihansi aliondoka na maji. Msikilizaji aliyeridhika na methali hakulitazama hilo, kwa kuwa utamu wa maneno ulikwisha kumpa jibu.

Waliomtetea chura nao walijibu kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nilifurahi, nakiri, lakini hoja haikuwamo humo pia. Swali lilikuwa la kipimo: maji kiasi gani yaachwe yaporomoke? Hilo halina methali. Yalifungwa mabomba ya kunyunyiza maji bondeni, lakini mwaka 2003 vyura wakapungua ghafla, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wametoweka. Wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, na ni uzao wao ulioanza kurudishwa bondeni mwaka 2012, chini ya mabomba yale yale.