Taa Ndani ya Boga la Plastiki

Boga la plastiki limedharauliwa kupita kiasi. Kule Marekani, msimu wa Halloween ukikaribia, wapenda vitu vya asili huliona si lolote mbele ya lile la shambani, na wapenda makuu hulipita wakakimbilia mifupa bandia ya futi 12 na mizuka inayojazwa upepo kwa feni. Mimi nalitetea. Namtetea hasa mtu anayekaa nalo mezani mwezi wa Oktoba, msasa mkono huu na waya mkono ule, akitafuta namna ya kuliwasha hata usiku wa tarehe 31 mtoto wa watu asimame mbele yake asikumbuke kabisa kwamba ni plastiki. Huo ni ufundi kamili wenye kanuni zake, na haujapata wa kuusemea.

Mila yenyewe haikuanzia kwenye boga. Ayalandi na Uskoti watu walikuwa wakichimba tanipu, wakizichonga nyuso na kuzitia moto ndani. Katika jumba la makumbusho la Turlough, jimboni Mayo, ipo nakala ya plasta ya taa ya namna hiyo kutoka Donegal, na uso wake umekunjamana kiasi kwamba huwezi kuuchukulia kuwa mchezo wa watoto. Tanipu ni ndogo na ngumu, kuitoboa ni jasho. Waayalandi walipohamia Amerika Kaskazini kwa wingi katika karne ya 19 walikuta maboga: makubwa, laini, yana uwazi tayari katikati. Mila ikahamia humo. Washington Irving alikuwa ameshaliweka boga katika hadithi yake ya mpanda farasi asiye na kichwa, iliyochapishwa mwaka 1820, ila la kwake halikuwa na uso wala taa. Lilikutwa asubuhi limepasuka karibu na kofia ya mwalimu aliyetoweka. Siku hizi, si mbali na bonde la hadithi ile, katika kijiji cha Croton-on-Hudson, kila vuli huwashwa maelfu ya maboga yaliyochongwa kwa mkono, ya shambani na ya bandia yakiwa yamechanganywa.

Boga la shambani likishachongwa huanza kufa. Baada ya siku chache ukungu unaota ndani, kingo za mdomo zinasinyaa, uso unajikunja kama wa kikongwe. Wapo wanaopenda hivyo, nami siwapingi. Lakini aliyelichonga hapati nafasi ya kulirudia kazi: alichojifunza kwenye boga hili atakijaribu kwenye jingine, lenye umbo jingine na unene mwingine. La plastiki linakaa miaka. Mwaka huu unalitazama gizani ukaona jicho la kulia limepwaya, mwakani unaliziba. Kwangu mimi hiyo ndiyo hadhi yake: linamruhusu fundi kuendelea na kazi ileile hadi aridhike.

Yapo ya aina mbili, na kila moja lina ufundi wake. La zamani ni lile la plastiki iliyopulizwa. Bomba la plastiki ya moto hushushwa katikati ya kalibu iliyo wazi, kalibu hufungwa, hewa ikapulizwa, plastiki ikatanuka na kushika kila mbonyeo na mkunjo. Viwanda kama kile cha Empire cha Tarboro, North Carolina, vilitoa mapambo ya namna hii kwa wingi katika karne iliyopita, na leo wakusanyaji huyasaka. Uso wake haukukatwa, umepakwa rangi. Nyuma kuna tundu la kuingizia holda yenye balbu ndogo ya wati 7, basi. Ukitia kubwa zaidi joto litailainisha plastiki. Boga hili huangaza ngozi yote. Aina ya pili ni la povu gumu, lililotengenezwa ili mtu alichonge mwenyewe. Ngozi yake haipitishi mwanga ikiwa nene, au hupitisha kidogo tu mahali pasipotakiwa, kwa hiyo mafundi hulipaka rangi nyeusi ndani ili mwanga utoke kwenye matundu ya uso peke yake. Hapo ndipo kazi inaponoga.

Tuanze na unene. Boga la shambani lina nyama. Ukikata jicho, ukingo wa tundu una kina, na mwanga unaotoka hugonga kina hicho ukakipaka dhahabu. Mtazamaji hajui kwa nini uso ule una uhai, ila jicho lake limeshauona ule mstari mpana wa dhahabu kuzunguka giza. Maganda mengi ya plastiki ni membamba, na tundu lililokatwa humo huonekana kama shimo kwenye karatasi. Basi fundi hukata vipande vya povu la upana wa kidole, akavigundisha kwa ndani kuzunguka kila jicho na kila jino, akavisawazisha kwa msasa kwa pembe ya mshazari ili vitazame taa. Kazi hiyo huchukua jioni nzima, na asubuhi yake, kwenye mwanga wa jua, hakuna kinachoonekana. Usiku uso unapata nyama.

Kisha rangi. Wengi hutupia ndani taa nyeupe ya LED, ile kali, wakashangaa kwamba boga limepauka. Taa nyeupe ya LED kwa kweli ni chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori ya manjano. Ni ile chipu ya buluu iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Plastiki ya rangi ya chungwa huimeza ile buluu, mwanga mwingi ukapotea bure, na unaotoka kwenye matundu bila kuigusa plastiki unabaki na ubaridi wa hospitali. Taa ya rangi ya kaharabu haina buluu ya kupoteza. Mimi hutumia mbili za kaharabu na moja nyekundu iliyofifia, nikaiweka ile nyekundu chini kabisa, maana moto wa kweli hauna rangi moja kutoka kwenye shina hadi ncha.

Hesabu yake si ngumu, na ni raha kuifanya kwa kalamu. Betri tatu za kawaida zinatoa volti 4.5. Taa ya kaharabu hutumia kama volti 2. Zinabaki 2.5 za kupunguzwa na rezista. Ukiweka ya ohm 150, mkondo unakuwa kama miliampia 17, unaotosha na kuiacha taa iishi. Kila taa na rezista yake, zisigawane moja, la sivyo moja itakula sehemu ya mwenzake. Waya unalehemiwa, kiungo kinafunikwa.

Sasa taa ifichwe. Kanuni hii ndiyo ninayoishikilia kuliko zote: mtu aone mwanga, asione taa. Nukta moja kali ya LED ikichungulia jichoni mwa boga, kila kitu kimeharibika, kwa sababu mtazamaji ameshaona kifaa na hawezi tena kuona uso. Kwa hiyo unaisugua kuba ya taa kwa msasa laini hadi iwe na ukungu. Unaizungushia karatasi ya kuokea, mikunjo miwili au mitatu. Unaipeleka nyuma ya boga, chini ya usawa wa mdomo, na kuielekeza kwenye ukuta wa nyuma ambao haukupakwa nyeusi bali umebaki mweupe ili urudishe mwanga mbele. Taa inatazama nyuma, uso unaangaza mbele. Nimeona watu wakifanya jambo hili moja tu, wakaacha mengine yote, na boga la bei rahisi likabadilika pale pale.

Halafu mwali. Taa nyingi za dukani zinazoiga mshumaa zina chipu ndogo ndani inayozitetemesha bila kupumzika, kana kwamba kuna kimbunga bogani. Mshumaa hauwaki hivyo. Muda mwingi umetulia, ukapepesuka kidogo, ukazama ghafla, ukainuka taratibu. Anayejua kuandika programu ndogo huipa kila taa mwendo wake ili zisicheze pamoja, na hujifunza haraka kwamba jicho halihesabu mwanga kama chipu inavyohesabu. Katika ngazi 256 za mwanga za chipu, kutoka 5 hadi 10 ni hatua kubwa machoni, kutoka 200 hadi 205 haionekani kabisa. Kwa hiyo uzuri wote wa mwali uko kwenye ngazi za chini, na fundi hutumia muda wake mwingi huko, akiongeza moja, akipunguza moja.

Kuna jambo la saa ambalo wageni hawalitegemei. Tangu 2007 Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo Halloween yenyewe huangukia bado katika saa za kiangazi. Mjini Louisville, Kentucky, jua la tarehe 31 Oktoba huzama muda mfupi kabla ya saa moja ya usiku, na watoto wadogo huanza kupita kungali na mwanga. Boga lililopimwa kwenye giza la chumbani halionekani saa hiyo. Lililopimwa kwa machweo linaumiza macho saa mbili. Anayejali huweka viwango viwili.

Usalama nitausema kwa ufupi lakini kwa uzito wote. Usitie mshumaa wa moto ndani ya plastiki, hata kwa dakika ya kupiga picha. Na boga linalotumia umeme wa ukutani, wa volti 120, liunganishwe kwa waya wa nje kwenye soketi yenye kinga inayokata mara tu miliampia 5 hivi zinapopotea njia, maana mvua za vuli haziombi ruhusa.

Louisville ina familia nyingi zilizotoka Kongo, Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani. Baadhi yao hufunga mlango usiku huo kwa imani yao, na wana haki. Wengine wamejifunza sheria ya mtaa: taa ya barazani ikiwaka, mtoto yeyote anakaribishwa kupanda ngazi na kuomba peremende, ikizimwa, zimekwisha au wenyewe wamelala. Boga linaloangaza ndilo karibu yenyewe, na inasemwa kwa watoto ambao mwenye nyumba hajui majina yao wala lugha yao. Kwenye Hillcrest Avenue, barabara ya mji huo iliyojipatia jina kwa mapambo yake, watu hutembea polepole wakitazama nyumba moja baada ya nyingine. Nawaheshimu wenye majitu na mashine za moshi. Ila ninayemsubiri ni yule mtoto anayeachia mkono wa mama yake, akainama kwenye ngazi, akachungulia jichoni mwa boga kutafuta moto ulipo, na asiuone.

Tarehe 1 Novemba betri hutolewa siku hiyohiyo. Za alkali zikiachwa stoo huvuja na kula vyuma. Zikishavuja, pamba yenye siki kidogo inasaidia kusafisha. Waya unakunjwa bila kuvutwa, boga linafutwa vumbi, na chini yake, kwa kalamu isiyofutika, yanaandikwa ya kurekebisha. La kwangu linasema: shusha taa nyekundu, punguza kiwango cha saa mbili, ongeza povu kwenye jino la tatu.