Sahani ya Deruta: Macho Yashibe Kwanza

Nimeifungua sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Sahani kutoka Deruta, mji wa wafinyanzi ulioko Umbria, Italia! Joka la manjano na buluu limejiviringisha katikati, majani yamejaa hadi ukingoni, na ule weupe, jamani, mzito na laini kama tui la kwanza.

Igeuze. Chini, kwenye kitako, pana sehemu ndogo isiyopakwa: udongo wa kawaida kabisa. Kumbe weupe wote ule ni ngozi tu! Kwa desturi, fundi huichoma sahani, kisha huichovya katika uji wa mchanga uliosagwa, risasi na bati. Bati ndilo linaloufanya mng'aro uwe mweupe na kuuficha udongo. Uji ukikauka hubaki unga, na juu ya unga huo mchoraji hupitisha brashi. Rangi hunyonywa papo hapo, hakuna kufuta. Ndipo sahani hurudi tanurini. Sasa utazame tena mkia wa joka: mkono mmoja, pumzi moja!

Ufundi huu ulizaliwa Iraki katika karne ya 9. Wafinyanzi wa Basra waliitamani kauri ya Kichina, nao hawakuwa na udongo wake. Vyombo vyao vyeupe vilifika hata kwetu: vigae vyake vimefukuliwa Shanga na Manda, katika visiwa vya Lamu. Ufundi wenyewe ukapitia Hispania ya Waislamu hadi Italia. Miaka ya 1500 Deruta ilitoa sahani kubwa zenye sura za wanawake warembo, nyingi zikitobolewa kitakoni ili zitundikwe ukutani. Zilikuwa heshima ya nyumba, na sisi wa nyumba zenye zidaka za kupangia vyombo ukutani tunalielewa hilo bila kuelezwa.

Wala kauri hizi hazikuwa za matajiri peke yao. Karibu na mji huo, kuta za kanisa la Madonna dei Bagni zimejaa vibao vya kauri vya shukrani, vilivyoanza kuwekwa karne ya 17: mtu kaanguka mtini, kapona, kisa chake kikachorwa.

Kasoro ya sahani hii ni moja: ukingo ukigongwa, ngozi hubanduka. Basi ishike kwa mikono miwili, na uitundike mahali jua la asubuhi linapoingia. Sijawahi kushika chombo kizuri kuliko hiki.