Kambi, Geto na Kumbukumbu ya Vita katika Tengeru

Makumbusho hufundisha kwa vitu, lakini hufundisha zaidi kwa maneno yaandikwayo chini ya vitu. Neno likikosewa, kitu chaweza kuwa cha kweli na kumbukumbu ikawa potofu. Jambo hili lastahili kupimwa Tengeru, katika nchi ya Wameru, si mbali na Nduruma, ambako makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi yangali yakitunzwa.

Watu hao walitolewa kwa nguvu mashariki ya Poland na serikali ya Kisovieti katika miaka ya 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Mwaka 1942 walianza kuondoka kupitia Uajemi, na wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakapewa makao Tengeru. Huko walikuwa na shule, kanisa na hospitali.

Kiswahili hupaita mahali hapo kambi. Lakini neno hilo hilo hutajia kituo cha wasafiri, makao ya askari, na hata Treblinka, walikouawa Wayahudi. Asomaye "kambi" peke yake haambiwi kama waliomo walihifadhiwa au waliwekwa ili wafe.

Neno geto lina hatari kubwa zaidi. Katika usemi wa vijana wa Tanzania, geto ni chumba cha kijana anayejitegemea. Basi mfasiri aandikaye "geto la Warsaw" humpa msomaji picha ya uhuru, hali mtaa ule ulizungushiwa ukuta mwaka 1940, ukafungiwa Wayahudi zaidi ya 400,000. Afadhali kusema "mtaa wa kifungo", kisha neno la kigeni lifuate.

Hila ya tatu imo katika sarufi. Kauli ya kutendwa humficha mtenda. "Walihamishwa" ni neno lifaalo kwa Wapolandi. Lafaa vile vile kwa Wameru wapatao 3,000 walioondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi wapewe walowezi. Lakini ni nani aliyewahamisha? Kirilo Japhet hakuliacha swali hilo. Mwaka 1952 aliipeleka kesi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, akaitaja serikali iliyotenda. Hali kadhalika Emanuel Ringelblum na wenzake, wakiwa ndani ya mtaa wa Warsaw, waliandika habari zao na kuzifukia ardhini katika masanduku na madebe ya maziwa. Sehemu zake zilifukuliwa mwaka 1946 na 1950. Walijua kwamba asiyeandika habari zake huandikiwa na mwingine.

Wala haifai kuyafanya mambo haya matatu kuwa sawa. Tengeru palikuwa kimbilio, Engare Nanyuki palikuwa dhuluma ya ardhi, Warsaw palikuwa mlango wa mauti. Ndiyo sababu kila kibao cha makumbusho hakina budi kumtaja mtenda, tendo na mtendwa. Kibao kisichofanya hivyo huwasitiri waliotenda, hata kama kiliandikwa kwa huruma.