Litotesi na Kipimo cha Neno katika Insha ya Jonathan Swift

Litotesi huelezwa kuwa tamathali ya kupunguza ukubwa wa jambo, kinyume cha mubalagha. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi, kwani tafsida nayo hupunguza. Tofauti hudhihirika katika A Modest Proposal (1729), insha ya Kiingereza ya Jonathan Swift. Msemaji wake anapendekeza watoto 100,000 wa maskini wa Ireland wauzwe wakitimiza mwaka mmoja ili waliwe na matajiri. Tafsida ingelificha tendo hilo. Msemaji huyu hafichi chochote, anataja hadi mapishi. Kinachopunguzwa ni sauti tu, na hapo ndipo ukatili unapoonekana. Mfasiri wa Kiswahili hukwama kwenye anwani yenyewe. “Pendekezo la unyenyekevu” huhifadhi adabu ya msemaji lakini hupoteza kipimo. “Pendekezo dogo” hufanya kinyume. “Pendekezo la kiasi”, kama isemwavyo “mtu wa kiasi”, hubeba yote mawili. Hata hivyo, msomaji asiyejua ufukara wa Ireland ya wakati huo atalipita neno hilo bila kushtuka, na kinaya kitampotea.