Kasi ya ndani si kasi ya mlangoni

Ukisoma makala kuhusu elektroniki za supakondakta, zile ambazo umeme hupita bila ukinzani, utakutana na sifa hii: mwaka 1999 sakiti ndogo ya niobiamu ilifikia mapigo bilioni 770 kwa sekunde. Ni kweli. Tatizo ni kinachoachwa: mapigo hayo hayakutoka nje. Watafiti walipima wastani wa volti tu, ya kuingia na ya kutoka, wakaona ya pili ni nusu ya kwanza, maana kazi ya sakiti hiyo ni kugawa kwa mbili.

Kuyatoa ndiyo shughuli yenyewe. Pigo moja lina kama milivolti moja, kwa pikosekunde mbili hivi. Sakiti zetu za mezani zinataka karibu volti nzima. Ukilikuza kulekule kwenye baridi ya nyuzijoto -269, kikuzaji kinaleta joto. Ukitumia waya wa shaba, umeme unapita vizuri, na joto nalo linapita vizuri. Ukiweka chuma cha pua, joto linapungua ila mawimbi yanafifia.

Mfano uko hapa hapa Arusha. Kule Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, mbegu za madume ya ng'ombe hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzijoto -196. Mitungi ya kazi hiyo ina shingo nyembamba ili joto lisiingie. Sasa pitisha nyaya mia kwenye shingo hiyo, halafu uone.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Tengeru, usikubali kuambiwa kazi imekwisha. Ukitajiwa kasi, uliza: imepimwa ndani au mlangoni? Na kila waya unaingiza joto kiasi gani?