Keki Inayongoja Sherehe

Keki iliyopambwa inaweza kungoja sherehe iliyoahirishwa kwa wiki kadhaa bila kupoteza ladha wala sura, mradi mwokaji ajue maji yaliyomo ndani yake yatakwenda wapi. Ujuzi huo hausifiwi vya kutosha. Sifa humwendea fundi wa maua ya sukari, ilhali aliyeihifadhi hatajwi, kwa kuwa kazi yake ikifaulu hakuna mgeni atakayejua kwamba ilifanyika.

Huko Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii nchini Kenya, sababu za kuahirisha sherehe hazina msimu. Msiba ukiingia katika ukoo, harusi husogezwa mpaka mazishi yapite. Juni 2021 sababu ilitoka serikalini: Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa kaunti 13 za magharibi zilizobanwa kwa ajili ya Korona, kafyu ikaanza saa moja jioni, na harusi ikaruhusiwa watu 30 tu. Familia iliyokuwa imealika ukoo mzima iliweza kupunguza wageni au kungoja. Aliyeamua kungoja huku keki imeshapambwa alihitaji friza.

Friza, si friji. Wanga wa unga uliolainishwa na joto la oveni hurudi kujipanga taratibu na kukakamaa, na keki huchakaa hata ikiwa imefunikwa vizuri. Mabadiliko hayo huenda mbio zaidi katika baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, yaani baridi ya friji, lakini hukaribia kusimama kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndiyo maana keki iliyokaa siku chache tu kwenye friji yaweza kuliwa kavu kuliko ile iliyokaa mwezi mzima kwenye friza. Keki ya matunda yaliyolowekwa kwenye brandi haina shida hizi. Waingereza huiweka miezi mingi kabatini, na kwa desturi ghorofa ya juu ya keki ya harusi ilingoja ubatizo wa mtoto wa kwanza. Lakini Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ni nchi yenye Waadventista wengi, na brandi haikaribishwi mezani kwao. Keki ya vanila ndiyo inayotegemewa, nayo haivumilii kabati.

Mapambo hayalingani kwa ustahimilivu. Aisingi ya siagi huganda vizuri kuliko zote, kwa sababu mafuta yake ni mengi na maji ni kidogo. Krimu ya kupigwa hupita kwa shida. Kastadi huachana na maji yake, na vipande vya ndizi, hata ziwe ndizi tamu za Kisii kwenyewe, hutoka vyeusi na vimelegea. Bora viondolewe mapema. Fondanti ni karibu sukari tupu, na sukari huvuta unyevu: haiharibiki ndani ya friza, huharibika siku ya kutolewa.

Kwanza keki huingizwa ikiwa wazi kwa saa chache, mpaka aisingi iwe ngumu isiyoshika alama ya kidole. Hapo hufungwa kwa nailoni mara mbili, kisha foili, kisha boksi. Kuifunga aisingi ikiwa bado laini ni kuyafuta maua kwa mkono wako mwenyewe. Kufunga huku kunazuia hewa kavu ya friza isiinyonye, na pia harufu, maana friza ya kuazima dukani mara nyingi ina samaki na kuku, na siagi hunyonya harufu upesi. Keki kadhaa ndogo za kupangwa kwenye stendi, kama zinavyopendwa katika harusi nyingi za Kenya, hufungwa kwa urahisi kuliko mnara mmoja. Stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima Agosti 2023, mlango usifunguliwe: friza iliyojaa hushika baridi yake kwa takriban siku mbili, iliyojaa nusu kwa siku moja.

Kugandisha ni kazi ya mashine. Kuyeyusha ndiko kunakomtambulisha fundi. Nyanda za Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima, na hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huacha vitone vya maji. Vitone hivyo vikianguka juu ya fondanti, rangi nyekundu hutiririka hadi kwenye nyeupe. Kwa hiyo keki huhamishiwa kwenye friji usiku na mchana mzima ikiwa ndani ya nailoni yake, kisha huachwa mezani bado imefungwa, ili jasho litoke nje ya kifungashio na si juu ya pambo. Ikifunguliwa na fondanti ikang'aa kwa unyevu, haifutwi wala haiguswi. Feni ya mwendo mdogo huikausha. Subira hii ya saa nyingi, wakati jamaa wanauliza keki iko wapi, ni sehemu ngumu ya ufundi wote.

Nyufa ndogo hurekebishwa kwa aisingi iliyobaki siku ya kupamba na kugandishwa pamoja na keki, kwani rangi ikichanganywa upya ni nadra ifanane. Vipande vitakavyobaki baada ya sherehe havirudishwi kwenye friza; kila kuyeyuka kunapunguza maji ya keki, na mara ya pili hata aisingi nzuri haiwezi kuuficha ukavu wake.